Nepi za Babu Futi

Siku walipomzika binti yake, fundi cherehani alisimama kando ya kaburi akiwa na futi ya kupimia shingoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Ile futi ya plastiki, njano upande mmoja na nyeupe upande wa pili, ilikuwa imekaa pale miaka arobaini na kitu. Alikula nayo, alisinzia nayo mchana mezani, na mtaa ulishaacha kulitumia jina lake la kuzaliwa. Walimwita Futi, na watoto wa wateja wake wakamwita Babu Futi. Siku hiyo upepo uliichezea ncha ya futi ikawa inampigapiga kifuani. Waliokuwa karibu wanasema aliishika kwa vidole viwili, akawa anazipapasa namba moja baada ya nyingine mpaka udongo ukaisha kurudishwa.

Aliachiwa mtoto wa kike wa miezi mitano. Mkewe alishatangulia zamani. Baba wa mtoto, dereva wa malori ya masafa marefu, alituma salamu mara mbili, kisha salamu zikakauka. Basi fundi akabaki na kichanga, cherehani ya miguu, pasi ya mkaa na vyumba viwili: cha mbele kilichofunguka barabarani, ambamo alishona, na cha nyuma walimolala. Mtoto alikuwa na macho meusi ya mviringo. Akamwita Kifungo.

"Mtoto wa watu unamwita Kifungo, utadhani mtu wa jela," alisema Mama Mkaa, jirani wa mlango wa pili, ambaye jina lake lilitokana na alichouza.

"Kifungo ndicho kinachoshikilia shati," fundi alimjibu. "Kikikatika, uko uchi."

"Haya, Babu. Mimi simo."

Lakini alikuwamo, kila siku. Ndiye aliyemfundisha fundi kumwogesha mtoto bila kumwingizia maji masikioni, na namna ya kupoza uji kwa kuumimina huku na huku. Kitu kimoja tu hakukigusa: nguo za mtoto. Mikono yake ilikuwa imeingiwa na weusi wa mkaa mpaka kwenye mistari ya viganja. "Nikimshika huyu na nepi zake," alikuwa akisema, "mtamuona kama sufuria."

Kwa hiyo nepi zilikuwa kazi ya fundi peke yake, na huko ndiko makosa yalikoingilia.

Binti yake aliacha magauni saba. Yote aliyashona baba. Kulikuwa na la kijani lenye mikunjo, alilolivaa siku ya kwanza alipoajiriwa ukarani posta. Kulikuwa na la maua madogo ambalo mkono wake mmoja ulishonwa mara tatu kwa sababu baba na binti walikuwa wanabishana urefu. Kulikuwa na la samawati, la kola pana, alilolivaa siku aliyomleta mtoto nyumbani kutoka kujifungua. Yote yalikuwa ya tetroni, kitambaa kile kinachong'aa na kukataa kukunjamana, kwa maana binti wa fundi nguo, aliyelelewa chini ya meza ya kukatia, aliichukia pasi kuliko kitu chochote duniani. "Baba," alikuwa akimwambia, "mimi nishonee kitu ninachofua asubuhi na kuvaa mchana. Pasi waachie wenye subira."

Baada ya mazishi akina mama wa mtaa walikuja kumsaidia kugawa nguo za marehemu. Aliwakaribisha, akawapa viti, akawasikiliza, kisha akasema anaumwa kichwa. Walipoondoka aliyafungia magauni sandukuni.

Mtoto alipokaribia kutimiza mwaka, nepi alizopewa na majirani zilikuwa zimechakaa hadi unaona mwanga kupitia katikati. Fundi alifungua sanduku. Alikaa muda mrefu na lile gauni la kijani magotini. Mtoto huyu, alijiambia, hakumjua mama yake. Hatakumbuka sauti, wala harufu, wala uso. Angalau basi afungwe na nguo yake; angalau kitu kilichomgusa mama kimguse na yeye. Akalitandaza mezani, akachukua chaki na mkasi.

Zilikuwa nepi nzuri, hilo lazima lisemwe. Tabaka tatu tatu, kingo zimepigwa mshono wa kurudia, pembe zimezungushwa zisichome. Juu yake alimvalisha mtoto chupi ya plastiki, zisivuje. Wateja walizisifu zilipokuwa zimeanikwa kwenye kamba mbele ya duka. "Babu Futi, hizi ni nepi au leso za harusi?" Alitabasamu. Kila jioni alipombeba mtoto alisikia kitambaa kile laini kikiteleza chini ya kiganja chake, na kwa muda mfupi hali ilikuwa kama zamani, binti yake akipita karibu na meza huku gauni likisema shwa, shwa.

Wiki mbili baadaye mtoto alianza kuwa mwekundu kwenye mapaja.

Mwanzoni alimpaka mafuta. Upele ukapungua, ukarudi. Mama Mkaa akashauri poda. Ukapungua siku moja, ukarudi na wenzake. Fundi akamaliza gauni la kijani, akaingia la pili, kwa sababu mtoto sasa alihitaji kubadilishwa mara nyingi zaidi. Kila alipoketishwa alilia. Akaanza kulia hata akionyeshwa pini.

Kwenye zahanati, muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza mtoto juu ya kitanda cha mpira, akamtazama pole pole, kila mkunjo.

"Upele wa nepi huu," alisema. "Mkojo unakaa kwenye ngozi. Nitakupa krimu nyeupe, mpake kila unapombadilisha, ifanye ukuta. Mwoshe kwa maji matupu, sabuni ya nini? Mkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue. Mwache wazi apigwe na hewa kadiri unavyoweza. Chupi ya plastiki tupa. Poda usimpake, inaingia kifuani. Na nepi, ni za kitambaa?"

"Za kitambaa, Sista."

"Kitambaa gani?"

Hapo lazima ijulikane fundi huyu alikuwa mtu wa namna gani. Watu walitoka mitaa ya mbali kumletea vitambaa, si vya kushona, bali vya kupima. Mtu kauziwa pamba, ana wasiwasi. Fundi angechomoa uzi mmoja, angewasha kiberiti mbele ya macho ya mwenye mali. Pamba huwaka kama karatasi ikaacha jivu jepesi linalopeperuka. Tetroni hujikunja, hutoa moshi mweusi, na mwishowe huacha kidonge kigumu. "Moto hauna rafiki," alikuwa akisema, akimrudishia mtu kitambaa chake. Wauza vitambaa wawili walimchukia kwa ajili hiyo. Katika miaka yote arobaini hajapata kumdanganya mtu juu ya kitambaa.

"Pamba," alisema.

Neno lilimtoka jepesi, akashangaa lilivyokuwa jepesi. Maana alijua muuguzi angesema nini kama angeambiwa kweli: zitupe.

Alifuata mengine yote. Chupi ya plastiki aliitupa. Maji matupu, krimu nyeupe, hewa asubuhi na alasiri. Lakini baada ya hewa ilirudi tetroni, na tetroni haifyonzi kitu. Mkojo ulibaki pale pale kati ya ngozi na kitambaa, ukimchemsha mtoto. Walipoenda mara ya pili palikuwa na vidoti vidogo vyekundu vimetapakaa pembeni ya upele, na muuguzi akasema fangasi wameingia. Alitoa krimu nyingine, na ile dawa ya maji ya zambarau inayopaka kila kitu rangi. Gauni la tatu likawa na madoa ya zambarau, la nne vile vile. Fundi aliyafua, madoa hayakutoka.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Muuguzi alipofungua nepi alivuta pumzi. Ngozi ilikuwa imechubuka; sehemu mbili zilikuwa vidonda wazi.

"Babu," alisema, "dawa hii nawapa watoto wote wanaokuja hapa, wanapona. Wa kwako tu hataki. Una uhakika hizi nepi ni pamba?"

"Sista, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Fundi alikuwa akiitazama futi yake. Muuguzi alisubiri, kisha akaandika.

"Nakupa mpaka Alhamisi. Vidonda visipokauka, nakuandikia barua mkalazwe hospitali kubwa. Siwezi kumwacha mtoto anaoza nikimtazama."

Hospitali kubwa. Binti yake alikwenda huko kwa miguu yake, na pochi yake begani, kwa homa aliyoifanyia mzaha. Alimwambia baba asitie sukari kwenye chai yake kwa kuwa atarudi kabla haijapoa. Siku ya tatu mtu mmoja mwenye funguo nyingi mkononi alimwambia fundi kwenye ukumbi mrefu, "Pole, mzee," akaendelea na safari yake, funguo zikilia. Tangu hapo fundi hajapita hata barabara inayokwenda kule. Wateja wa upande ule aliwapelekea nguo kwa kuzunguka.

Alirudi nyumbani amembeba Kifungo kifuani, amemtanua miguu pasiguse kitu.

Sandukuni lilibaki gauni moja, la samawati lenye kola pana. Sita yalishakwisha. Vidonda vilitaka nepi ibadilishwe kila saa, na kamba ilikuwa tupu, nepi zote zimelowekwa ndooni. Alilitandaza mezani. Alipiga mistari ya chaki: mmoja kutoka kwapa hadi kiuno, mwingine kukata mgongo, minne ya sketi. Kabla hajashika mkasi, mtoto alilia mkekani. Nepi ilikuwa imelowa.

Akapiga magoti. Akafungua pini. Nepi ilikuwa imegandana na kidonda, na alipoivuta taratibu, taratibu kadiri mkono wa binadamu unavyoweza, mtoto hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomshinda fundi. Kifungo aliishika futi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akausukuma mkono wa babu yake.

"Acha," alisema. "Babu, acha."

Mpaka siku hiyo maneno yake yalikuwa matatu: babu, maji, na paka. Hili lilikuwa la nne.

Mama Mkaa alikuwa amesimama mlangoni na kopo la makaa ya moto kwa ajili ya pasi. Alisikia. Aliliweka kopo chini, akafuta mikono kwenye kanga kana kwamba ingesaidia kitu, na macho yake yakaenda mezani.

"Babu, mimi sijui vitambaa," alisema. "Lakini gauni lile nalijua. Alilivaa siku ya jua kali, akaja akakaa kwangu kwenye gunia. Akaniambia, 'Mama Mkaa, leo nimevaa koti la mvua. Jasho halina pa kutokea.' Akacheka mwenyewe. Akasema, 'Usimwambie Baba, amelishona vizuri mno.'"

Fundi alikaa chini sakafuni. Kisha akainuka, akachomoa uzi kwenye pindo la gauni la samawati, akawasha kiberiti. Hakuhitaji. Uzi ulijikunja, ukatoa moshi mweusi mwembamba, ukawa kidonge. Alikishika kile kidonge kikiwa bado cha moto, akakibana kati ya dole gumba na cha shahada, wala hakukiachia.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nilikuwa najiuliza. Angekuwa mtu mwingine, Babu, ningeshasema zamani. Lakini nikasema, Futi ndiye anayejua kitambaa, mimi najua mkaa. Nani atamfundisha samaki kuogelea?"

"Ungesema tu."

"Ungenisikia?"

Fundi aliingia chumba cha nyuma na mkasi, akavuta shuka kitandani kwake. Shuka la pamba, la tangu enzi za mkewe, lililofuliwa miaka mingi hadi likawa laini kama ngozi ya mkono wa mzee. Alilichana, halikuleta ubishi. Alivitumbukiza vipande kwenye maji yanayochemka, akavisuuza mara tatu mpaka maji yakawa maji, akavianika juani. Vilipokauka havikuwa na pindo wala pembe za mviringo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitoa kazi mbichi mbele ya watu.

Mchana hakumvalisha mtoto chochote kabisa. Alimwekea mkeka karibu na mlango pale jua linapoingia, akampaka krimu yake, akamwacha. Kifungo aligundua uhuru wake jioni hiyo hiyo. Siku ya pili alikuwa akizunguka duka zima na matako nje, akijishikilia kwenye miguu ya cherehani, akivuta vipande vya vitambaa. Jumatano alikojolea suruali ya mwalimu mkuu, iliyokuwa imekunjwa kwenye kiti, tayari kuchukuliwa.

"Mungu wangu!" Mama Mkaa alipiga makofi. "Shule nzima sasa! Utamwambia nini mwenye suruali?"

"Nitamwambia nimeipiga maji ya pasi."

"Na harufu?"

"Nitamwambia ni pasi mpya."

Walicheka, na fundi akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa na vumbi. Aliifua suruali ile tena, akaipiga pasi, na kila alipomkaribia mtoto alimtazama mapajani kwa pembe ya jicho, kama mtu anayeogopa kukiharibu kitu kwa kukitazama. Wekundu ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Kingo za vidonda zilikuwa kavu.

Alhamisi walifika zahanati wa kwanza. Muuguzi alimlaza Kifungo, akafungua kile kipande cha shuka, akatazama. Akasogeza miwani, akatazama tena.

"Umefanya nini?"

"Nimebadilisha nepi."

"Si ulisema ni pamba?"

"Nilikudanganya, Sista. Ilikuwa tetroni. Yote ilikuwa tetroni."

Mtoto alikuwa akichezea uzi wa miwani. Muuguzi alimwacha auchezee. Barua ya kulazwa ilikuwa tayari mezani, imeandikwa jina, bado sahihi tu.

"Lakini wewe ni fundi, Babu," alisema mwishowe, bila ukali. "Kwa nini?"

"Zilikuwa nguo za mama yake."

Muuguzi aliichukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye droo. Alichukua muda kuifunga droo. Kisha akamfunga mtoto yeye mwenyewe, bila pini, kwa fundo la pembeni, na kusema, "Endelea na hiyo krimu ya fangasi wiki moja baada ya kuona amepona, usiache mapema. Jumatatu nimwone tena."

Ngozi ilipona. Ilichukua karibu wiki tatu, na palibaki alama nyeusi mbili ndogo ambazo muuguzi alisema zitakwenda na umri. Kila mtu mtaani alifurahi, na fundi alipokea furaha yao kwa adabu.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni cha alasiri moja baada ya hapo, mtoto amelala, mvua imefukuza wateja. Fundi alizikusanya nepi zote za tetroni, safi, zimekunjwa, akafungua mishono yake kwa wembe, tabaka moja moja. Akaanza kuvipanga vipande mezani. Hiki kilikuwa bega. Hiki ni nusu ya mgongo. Mikunjo ya kijani aliipata yote isipokuwa miwili. Alifanya kazi mpaka mvua ikakatika. Mikono ya gauni la maua haikuwapo, aliikata kuwa vitambaa vya kufutia na kuvitupa. Kifua cha la tatu kilikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa kiganja. Alikuwa fundi mzuri; aliwahi kumrudishia mtu koti lililopitiwa na gari. Lakini nguo ikishakatwa hivi haina mganga.

Na hapo ndipo lilipomjia lile ambalo huzuni haikumpa nafasi ya kuliona. Kifungo atakua. Atafikia miaka kumi na saba, kumi na minane, atakuwa na mabega ya mama yake, maana tayari anayo. Siku moja angeweza kulifungua lile sanduku na kuvaa gauni la kijani, likamkaa, au likabana kidogo hapa likalegea pale, na babu yake angepunguza. Magauni saba yalikuwa yakimsubiri mwanamke huyo. Yeye aliyachukua akampa mtoto asiyeyahitaji, kwa ajili ya mzee aliyeyahitaji.

Alivirudisha vipande sandukuni, akakaa mpaka mtoto alipoamka na kumwita.

Gauni la samawati alilifuta chaki kwa brashi. Mistari haikutoka yote. Ukilielekeza kwenye mwanga unaiona, mmoja kutoka kwapa hadi kiuno, mwingine mgongoni. Hakulirudisha gizani. Alilitundika kwenye msumari juu ya cherehani, pamoja na nguo za wateja zilizokwisha kushonwa.

Juzi mteja mmoja alikuja kutengenezewa zipu, mwanamke mwenye haraka, akaliona.

"Babu Futi, hili gauni zuri! Linauzwa?"

"Hapana, mwanangu. La mtu."

"Mbona naliona hapa kila nikija? Mwenyewe kalisahau huyo. Niuzie mimi."

"Hajalisahau."

"Sasa atalifuata lini?"

Chini ya meza ya kukatia, Kifungo alikuwa amejaza mdomo wake futi, njano upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Fundi aliinama akaichomoa taratibu, akaifuta mate, akaivaa shingoni.

"Bado sana," alisema. "Lete hiyo zipu niione."